Waya wa Kijani na Njano

Mimi siwezi kuona chuma kimekaa bila waya wa ardhi nikapita tu. Siwezi. Miaka ishirini na miwili nimekuwa fundi mkuu wa umeme katika kiwanda cha vigae, na yeyote aliyewahi kufanya kazi chini yangu atakwambia: pampu, kabati, ngazi ya chuma, vyote vimefungwa ardhini, na hata kiti cha mlinzi kingekuwa karibu na nyaya ningekifunga. Umeme ukitoroka, ukute njia ya kushuka kabla haujampitia mtu. Ndivyo nilivyofundishwa, na kwa kazi hiyo hakuna aliyekufa mikononi mwangu. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani ule waya niliufunga kwa chuki. Chuki ilikuwepo kidogo, sikatai, ila haikuwa ya waya.

Chuki yenyewe ilikuwa ya nyumba. Dada yangu mdogo alihamia kwangu na mumewe na watoto wawili, "mwezi mmoja tu, kaka", na mwezi huo ulikuwa umefika wa kumi na nne. Mke wangu alifariki zamani, nimeshazoea ukimya wangu na kiti changu. Sasa nikiamka nakuta foleni mlango wa bafu, nikikaa kula nakuta kijiko kimelala kando ya bisibisi. Shemeji yangu, kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ilifungwa, basi meza yangu ya kulia chakula ndiyo ikawa karakana yake. Nilimpa jina la Profesa. Hakukasirika. Ndicho kilichoniudhi zaidi kwake: ukimtania anacheka na wewe, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya.

Kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka kiwandani. Nafasi ya fundi wa mitambo ya vipimo ilikuwa wazi, na nafasi hiyo ina nyumba yake, vyumba vitatu nyuma ya uzio, wanakoishi mafundi na familia zao. Nilitaka aipate kuliko alivyoitaka yeye. Bosi alimkubali kwa majaribio ya miezi mitatu, na majaribio yenyewe yalikuwa kitu kimoja tu: kompyuta ya ofisini iache kuungua.

Ngoja nikueleze, si jambo gumu. Tanuru letu lina kabati la kuliongoza, na kabati hilo linapeleka vipimo vya joto hadi kwenye kompyuta ya karani, mita sitini kutoka pale. Vinapita kwenye waya mwembamba wa mawasiliano, wenyewe wanauita waya wa siriali, maana unapeleka herufi moja baada ya nyingine, kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba. Mwaka ule kompyuta tatu zilikuwa zimeungua, zote mahali pamoja, pale waya unapochomekwa. Ya tatu ilipoungua, bosi alitukusanya uani akasema: "Ya nne ikiungua, aliyesababisha atatoka getini siku hiyohiyo. Sitauliza ana watoto wangapi." Bosi wetu hatii chumvi. Aliwahi kumfukuza dereva siku ya mazishi ya mamake kwa kuchelewa kurudisha gari.

Jioni moja Profesa aliniwekea vikombe viwili vya chai mezani, kimoja huku, kingine kule, akalaza uzi katikati.

"Shemeji," akasema, "wewe unadhani ardhi ni moja."

"Kwani ziko ngapi?"

"Hiki kikombe ni ardhi ya tanuruni, hiki ni ardhi ya ofisini. Siku zote zinapishana volti kidogo. Mota ya feni ya tanuru ikiwashwa, ya tanuruni inaruka, ya ofisini haina habari. Zinapishana kwa volti nyingi mara moja. Sasa umeme huo unatafuta pa kupita, na kilichounganisha ardhi hizi mbili ni uzi huu tu." Akauinua uzi wake. "Unapita humu, unaingia kwenye kompyuta, unachoma."

"Basi weka uzi mnene zaidi," nikamwambia. Nilikuwa nataka kula.

"Hapana, shemeji. Nauondoa kabisa."

Nikacheka mpaka dada yangu akaja kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Mawasiliano bila waya kuungana! Lakini alikijenga hicho kitu, wiki sita, mezani kwangu, na mimi nikimsimanga kila jioni. Kilikuwa kisanduku cha plastiki, ukubwa wa tofali. Ndani yake kulikuwa na ubao wenye pande mbili, wa tanuruni na wa ofisini, kila upande na umeme wake kutoka transfoma yake ndogo. Kati ya pande hizo alipanga vidude vyeusi vidogo, na ndani ya kila kidude kuna taa na jicho. Upande huu taa inamulika, upande ule jicho linaona, herufi inavuka kwa mwanga. Shaba haivuki. Alikwenda mbali zaidi: chini ya vile vidude akakata ubao kwa msumeno, ukabaki mwanya wa kuonea meza, ili hata vumbi na unyevu visipate daraja.

"Mbona umewajengea ukuta kama wake wenza?" nikamuuliza.

"Wanasikiana lakini hawashikani," akajibu, akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Ila shemeji, wewe ndiye utakayefunga kebo. Pande hizi mbili zisikutane popote. Hata kwa uzi. Zikikutana nje, humu ndani nimefanya bure."

Nilisema sawa. Nilikuwa napuliza chai. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisikia, na jibu ni kwamba nilisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Siku ya kukipima nilimletea mashine yetu ya kupimia kinga ya nyaya, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ukiizungusha inatoa volti elfu moja, na mshale unakuonyesha kama kuna kitu kinavuja. Tukakiweka kisanduku kwenye meza ya karakana, mafundi wote wamezunguka. Nilizungusha mimi, tena kwa nguvu, dakika nzima, nikitaka kivuje, nikwambie ukweli. Mshale haukutikisika. Mafundi wakapiga makofi. Profesa akafuta miwani yake kwa ncha ya shati, na mimi, bwana, moyo wangu ulifurahi. Niliiona nyumba yangu kimya, kiti changu kitupu kinaningoja.

Jaribio la mwisho likapangwa Alhamisi saa nane mchana, mbele ya bosi. Asubuhi tulikifunga kisanduku ukutani nyuma ya tanuru. Kila upande wake ulikuwa na kibati cha chuma cha kuchomekea kebo, na kila kibati kimeshikwa kwa skrubu. Profesa alipima, akapima tena, akaandika kwenye daftari lake. Mchana akaenda kula na wengine. Mimi nikabaki kupanga nyaya, maana sipendi kabati lenye nyaya zilizoning'inia kama utumbo.

Nikaviona vibati viwili vya chuma. Kimoja huku, kingine kule, na katikati plastiki. Vyuma viwili, havijafungwa pamoja, havijafungwa popote.

Sikufikiri. Huo ndio ukweli wote, na nimeurudia kichwani mpaka umechakaa. Mkono uliingia kwenye sanduku la vifaa ukatoa waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, kipande cha urefu wa kiganja. Nikauvisha vichwa vyake vya shaba, nikafunga kimoja huku, kimoja kule, nikakaza. Nilifanya kama unavyofunga kifungo cha shati. Tena nilijisemea, huyu Profesa na vitabu vyake vyote amesahau ardhi, nikacheka peke yangu. Nilijiona nimemsaidia.

Saa nane, bosi, Profesa, karani na mafundi wengine wote walikuwa ofisini mbele ya kompyuta mpya. Mimi nilikuwa tanuruni peke yangu, kwa sababu fundi mkuu ndiye anayewasha mota. Simu ya ukutani ikalia. "Washa," akasema bosi. Nikabonyeza kitufe. Mota ikanguruma, na pale kwenye kisanduku, kwenye kichwa kimoja cha ule waya wangu, pakatoka cheche ndogo na moshi kidogo. Simu ilikuwa bado sikioni mwangu. Nikamsikia karani akisema, "Inanuka. Jamani, inanuka."

Hapo ndipo vile vikombe viwili vya chai viliponirudia, na uzi katikati. Nilielewa vyote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Nilikuwa nimeuweka uzi, tena mnene, kama nilivyomshauri.

Nilikuwa na muda. Kutoka ofisini hadi tanuruni ni mita sitini, mtu akikimbia ni kama nusu dakika. Katika nusu dakika ile ningeweza kusimama kando ya ule waya nikangoja. Ningesema, bosi, ni mimi, mazoea yamenishinda. Badala yake nilishika bisibisi. Skrubu mbili. Waya ulikuwa wa moto, ukaniunguza vidole, nikautumbukiza mfukoni mwa ovaroli. Profesa alipofika akihema, kisanduku kilikuwa kama alivyokiacha.

Alikitazama, akanitazama. "Kuna kitu kimegusa?"

"Kitu gani?" nikasema.

Akakifungua. Akakipima pale pale, amepiga magoti sakafuni. Mshale haukutikisika. Akapima tena. Bosi alikuwa ameshafika, amesimama juu yake, na mafundi nyuma ya bosi.

"Kiko sawa," Profesa akasema. "Kiko sawa kabisa. Sielewi."

"Kiko sawa," bosi akarudia taratibu. "Kompyuta yangu imekuwa mkaa, lakini kisanduku chake kiko sawa." Watu wakacheka, wale wale waliopiga makofi. Kisha bosi akanigeukia. "Fundi, wewe unasemaje? Huyu ni mtu wako."

Kwenye paja niliusikia ule waya, bado una joto.

"Bosi, hivi vidude vidogo vidogo mimi sivijui," nikasema. "Mimi ni mtu wa umeme mkubwa."

Huwezi kusema nimedanganya hapo. Nimelipima neno hilo mara nyingi, halivuji popote.

Bosi alimpeleka Profesa ofisini akamtwisha ile kompyuta iliyoungua, akamwamuru aibebe mpaka getini kwa miguu, apite kati ya mabanda yote mawili ya kiwanda, wafanyakazi wamesimama kumtazama. "Kaa nayo," akamwambia. "Uwe unaiangalia ukitaka kujiita fundi." Nyaya zilikuwa zinaburuta chini, akawa anajikwaa. Sikwenda kumsaidia. Nilirudi kwenye kabati langu nikapanga nyaya.

Kompyuta nyingine ililetwa wiki iliyofuata. Bosi akaniagiza nikitupe kile kisanduku nitengeneze changu. Sikukitupa, kwa sababu nilijua kilivyo kizuri, nilijua kuliko mtu yeyote duniani isipokuwa mmoja. Nilikiacha pale pale, bila kugusa kitu, nikasema nimekirekebisha. Tukawasha mota mara arobaini siku ile. Karani hakunusa kitu. Bosi akanipiga bega mbele ya watu: "Mnaona? Mkono wa fundi wa kweli." Nilisema asante, bosi.

Nyumbani, Profesa hakuwa akicheka tena nikimtania, basi nikaacha. Alijenga kisanduku kingine mfano wa kile, akakipima, kikawa sawa, akakivunja. Akajenga kingine. Alikuwa akitafuta kosa lake. Usiku wa manane? Hapana, mchana kutwa, tangu asubuhi, watoto wake wakimzunguka na yeye hawaoni. Dada yangu alianza kuzungumza naye kwa sauti ya chini ambayo mtu huitumia kwa mgonjwa. Akaja kwangu, akanishika mkono.

"Kaka, wewe anakuheshimu. Mwambie aache. Mwambie hiyo kazi si ya kila mtu."

Nilikwenda nikamwambia. Naam, nilimwambia hivyo, kwa uso mkavu. "Shemeji, huna mkono wa kazi hii. Tafuta nyingine." Akatikisa kichwa kukubali, akaweka koleo chini polepole. Ningesema pale pale, ungekuwa mwisho. Nilikwenda kulala.

Jumamosi dada yangu alifua nguo. Mimi nilikuwa kitini kwangu, Profesa mezani na mikono yake mitupu. Dada akaingia, amelowa mpaka viwiko, ameshika kitu.

"Kaka, ulisahau hiki kwenye ovaroli, nusura nikifue."

Kipande cha waya wa kijani na njano, urefu wa kiganja, kichwa kimoja cha shaba kimeungua cheusi.

Ungedhani ningekitupa. Wiki tatu nilikwenda nacho kazini na kurudi nacho, nikikigusa kila nilipoingiza mkono mfukoni. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa naogopa hata jaa la taka litasema.

Profesa alisimama. Akauchukua waya kutoka mkononi mwa mkewe, akaupima kwa vidole, kichwa hadi kichwa. Akaenda kukichukua kisanduku chake cha mwisho, akauweka juu yake, kutoka kibati hadi kibati. Ulitosha kabisa, bila kuzidi wala kupungua. Akakaa. Uso wake ulifunguka, wallahi, kama wa mtu aliyeambiwa hana ugonjwa. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kumbe," akasema. "Kumbe sikukosea." Akanigeukia. "Shemeji, ni mazoea tu. Ningekuwa wewe ningefunga vilevile. Kesho kutwa twende kwa bosi, unisemee mbele yake neno moja tu. Sitaki wakufukuze, nitakutetea. Neno moja."

Dada yangu alikuwa akitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Neno gani?"

"Mwambie, shemeji," akasema Profesa, kwa upole. "Mwambie ulifunga waya huu kwenye kisanduku."

Kila kitu kilikuwa mezani pale. Kazi yake, nyumba ya vyumba vitatu, na kimya changu nilichokuwa nakitaka. Nilihitaji kufungua mdomo tu. Lakini dada yangu alinitazama kama alivyonitazama tangu utotoni, tangu nilipomlea baada ya wazazi kuondoka, na nilikuwa nimepigwa bega mbele ya watu, na miaka karibu ishirini ya kazi ilikuwa nyuma yangu.

"Waya kama huu ninao mia kazini," nikasema. "Huyu shemeji amechoka. Anatafuta wa kumwangushia mzigo wake."

Profesa alimgeukia mkewe, akangoja. Nilimwona akingoja, na niliona kwamba hakuwa na wasiwasi, alikuwa na hakika naye kama alivyokuwa na hakika na kile kisanduku.

"Kaka yangu hajawahi kunidanganya," dada yangu akasema. "Ametulisha zaidi ya mwaka, na wewe unamlipa hivi? Kubali tu ulikosea. Mtu hukosea, hakuna atakayekucheka."

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Jumatatu asubuhi aliondoka na mkoba wa nguo na sanduku lake la vifaa. Alimwomba mkewe waondoke wote. Dada akamuuliza, niende wapi na watoto, mtu huna kazi? Watoto walilia mpaka mchana. Hajarudi, na huu ni mwaka wa tatu.

Dada yangu yupo kwangu. Foleni ya bafu ipo. Jioni ananipakulia kwanza mimi, nyama nzuri yote ananiwekea, na kila baada ya siku chache anasema, "Kaka, bila wewe ningekuwa wapi?" Nakula. Kule kiwandani kisanduku kipo ukutani nyuma ya tanuru, vitaa vyake viwili vinawaka na kuzima, herufi zinavuka, na tangu siku ile hakuna kompyuta iliyoungua. Vijana wapya wanaletwa kukitazama, wanaambiwa kimetengenezwa na mimi.

Waya wenyewe dada aliutundika kwenye msumari ukutani, juu ya meza, nisije nikaupoteza, maana ni wa kazi. Juzi binti yao mkubwa, ana miaka kumi na miwili sasa na ameanza kupenda mambo ya umeme, alikaa mezani mahali pa baba yake akaniuliza, "Mjomba, hivi baba alikosea nini?"

"Alisahau kufunga ardhi," nikamjibu.

"Ardhi inafungwaje?"

Nikautoa waya pale msumarini, nikamwonyesha.